Kwa Kocha, Ujiji: banda la mpira ambalo mama anakaa na mwanawe

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Mechi ya kawaida ni shilingi 500. Watani wa jadi 1,000, na fainali kubwa za Ulaya 1,000. Mwanafunzi 200 siku zote, ila siku ya Simba na Yanga haingii bila mtu mzima wake. Darasa la mpira la Jumamosi asubuhi, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, ni 300 kwa mtoto, na mzazi aliyemsindikiza halipi. Nimetoa hela hizo karibu kila wiki tangu Agosti 2023, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyechungulia siku moja akaondoka.

Banda halina jina ukutani. Hapa Kigoma, panda Hiace za Ujiji kutoka Mwanga, shuka zile nyumba za zamani zinapoanza kubanana chini ya miembe, uliza "kwa Kocha". Hata mtoto anayetembeza karanga atakuonyesha.

Mimi nauza mawese soko la Mwanga. Asubuhi naanzia Mwandiga kupokea madumu, jioni nafunga meza nikiwa nanukia mafuta mpaka kwenye nywele. Mpira sikuufahamu. Aliyeniingiza ni mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka 13 na anacheza kiungo, namba sita. Mwaka ule wa 2023 Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, walipanda Ligi Kuu, mji mzima ukawa hauna habari nyingine, na yeye nyumbani akawa haongei kitu zaidi ya mpira. Baba yake yuko kwenye dagaa. Mwezi ukiwa haupo, yeye yuko ziwani usiku kucha. Wa kumpeleka mtoto kutazama mechi nikabaki mimi.

Banda la kwanza nililompeleka sitalitaja. Tulipoingia, kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba mama kama mimi hufika pale kumsaka mume. Wakacheka, na mwenye banda akacheka nao, mia tano yangu ikiwa bado mkononi mwake. Mwanangu aliinamisha kichwa. Tulitoka kabla ya mapumziko na njia nzima hakusema neno. Niliapa sitampeleka tena mahali ambapo atamtazama mama yake akidhalilishwa.

Kwa Kocha nilielekezwa na mteja wangu, bibi mmoja wa Kimanyema anayeishi nyumba ya pili kutoka pale. Tulifika jioni. Kocha alikuwa mlangoni anakusanya hela kwenye kopo la maziwa ya unga. "Mwidiwe, mama," akanisalimia kwa Kiha, kisha akamgeukia mtoto. "Unacheza wapi?" Mtoto akajibu namba sita. "Basi kaa pale kulia, ile nguzo isikuzibe. Namba sita akizibwa macho timu nzima imezibwa." Akatupa benchi la karibu na mlango. Baadaye nilijua kuwa hilo ni benchi la akina mama na wazee, na kijana halikalii hata banda lifurike vipi. Tangu siku hiyo pale ndani jina langu ni Mama Namba Sita.

Ubaoni kuna maneno ya chaki ambayo hayafutwi: "Ukitukana unarudishiwa hela yako, unatoka." Nimeyaona yakitekelezwa mara mbili. Mara ya pili aliyetukana alikuwa mtu mzima anayeheshimika mtaani. Kocha alihesabu mia tano, akamwekea kiganjani, akasema, "Kaka, kesho karibu," akamfungulia mlango. Sauti hakuipandisha hata kidogo. Mimi ambaye nimeshatoka banda jingine nimeinamisha uso nilikaa nikamwangalia yule mtu akitoka, nikajisikia nimelipwa deni.

Jengo ni la kawaida. Tofali za kuchoma hadi usawa wa kifua, juu yake mbao zilizoachiwa nafasi ili upepo upite, paa la bati. Televisheni mbili, kubwa ya inchi 55 katikati na ndogo ya zamani kwenye kona. Mabenchi 12. Mzee wa kahawa anapita na dele lake, kikombe 100 na kashata 100, na nje kuna dada anayekaanga muhogo ambao ukichelewa kufika hupati.

Sasa mwenyewe.

Kocha amevuka miaka 50. Alikuwa kiungo. Alianzia hapa hapa Ujiji, akachukuliwa na timu moja ya Tabora, akacheza huko misimu minne mpaka goti lilipoharibika kwenye uwanja mkavu wa kiangazi. Alikuwa na miaka 27. Anasimulia alivyorudi na treni hadi mwisho wa reli, mguu ameunyoosha juu ya ndoo ya asali aliyopewa na wenzake siku ya kuagana, na kila treni ilipofunga breki ndoo ilisogea na yeye akauma shuka. Miaka miwili hakusogelea uwanja. Alikuwa akisikia watoto wakicheza chandimu nyuma ya nyumba anafunga dirisha. Siku moja mpira wao wa makaratasi uliingia ndani kwake, akatoka nao kuwarudishia, akawaona wote sita wamekusanyika sehemu moja kama kuku waliomwagiwa mtama. Akawaambia tawanyikeni. Ndivyo alivyoanza ukocha, na tangu hapo hajaacha. Anawafundisha watoto bure alasiri, na mipira, koni na viatu vya wasio na viatu vinatoka kwenye lile kopo la maziwa mlangoni. Ukilipa mia tano yako pale, ujue imeenda wapi.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya mechi za mchana, banda ni darasa. Vipande vya mechi amevipakua kwenye flashi. Anasimama na fimbo ya mchikichi, anasimamisha picha, anauliza. Kanuni yake ya kwanza: usitazame mpira. Kila mtoto anapewa mchezaji mmoja wa kufuata kwa dakika kumi, na kila mchezaji huyo akigeuza shingo kutazama nyuma kabla hajapokea pasi, mtoto anachora mstari kwenye daftari. Siku za mwanzo niliona ni mchezo wa kuwatuliza watoto. Nikachukua karatasi na mimi, nikapewa wangu. Dakika kumi zilipoisha nilikuwa na mistari 31 na nilikuwa nimeelewa kitu ambacho miaka yote kilinipita: mtu yule alijua pasi inakwenda wapi kabla mpira haujamfikia mguuni.

Niwasimulie jioni moja, maana ndiyo iliyonifunga kwa Kocha moja kwa moja.

Ilikuwa Jumapili, 14 Aprili 2024, siku chache baada ya Idi. Mji ulikuwa bado unavuma, kwa sababu Jumanne yake, siku ya mwisho ya mfungo, Mashujaa walikuwa wameitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho hapa hapa Uwanja wa Lake Tanganyika, kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Saa kumi na mbili na nusu jioni mechi mbili zilianza kwa wakati mmoja, Arsenal na Aston Villa kule Uingereza, Bayer Leverkusen na Werder Bremen kule Ujerumani. Banda zima lilikuwa la Arsenal. Kocha akawawekea Arsenal kwenye kubwa yenye sauti, kisha akawasha ile ndogo ya kona bila sauti, akatuvutia benchi letu na watoto tisa wa Jumamosi. "Leo," akasema, "nyie mna mtihani."

Leverkusen walikuwa wanataka ushindi mmoja tu kuwa mabingwa, huku msimu ukiwa na mechi tano zaidi mbele. Hawakuwa wamewahi kuchukua ligi ya Ujerumani tangu waanzishwe. Walishamaliza wa pili mara tano, mpaka wenyewe Wajerumani wakawabandika jina la utani la washindi wa pili. Na Bayern walikuwa wameshika kombe hilo miaka 11 mfululizo. Victor Boniface, kijana wa Nigeria, akafunga penalti dakika ya 25. Adhana ya magharibi ilipoanza Kocha akazima sauti ya kubwa, wengine wakatoka kuswali, na katika utulivu ule akatupa swali: makocha wa mechi hizi wanatoka wapi?

Hakuna aliyejua. Akatuambia. Kocha wa Arsenal, Mikel Arteta, na kocha wa Leverkusen, Xabi Alonso, wamekua pamoja San Sebastián, Hispania, kwenye timu moja ya watoto iitwayo Antiguoko, na mpira wao wa kwanza walicheza mchangani, kwenye ufukwe wa La Concha. Kocha wa Villa, Unai Emery, anatoka Hondarribia, mji wa pwani ya jirani. Wote watatu ni wa Gipuzkoa, mkoa mdogo kuliko yote Hispania. Watoto wa Ujiji, ambao wanacheza mchangani Katonga mpaka jua linazama kwenye Tanganyika, walimtazama kama wameambiwa habari ya ndugu zao.

Kipindi cha pili dakika ya 60 Granit Xhaka akaachia shuti la mbali. Nyavu. Kaka mmoja wa Arsenal akageuka kuelekea kona yetu: "Huyo si alikuwa wetu?" Alikuwa wao, aliondoka 2023. Dakika ya 68 Florian Wirtz, bao la tatu. Dakika ya 83 Wirtz tena, na mashabiki wa Leverkusen wakaanza kuingia uwanjani kabla mpira haujaisha. Na karibu wakati huo huo, kwenye kubwa, Leon Bailey akaifunga Arsenal. Kocha akaita kutoka mlangoni, "Bailey huyo Villa walimnunua kutoka Leverkusen!" Hajamaliza, Ollie Watkins akaongeza la pili. Upande mmoja wa banda watu wameshika vichwa, upande wa kona watoto tisa wanaruka juu ya benchi. Dakika ya 90 Wirtz akamaliza la tano, uwanja ukafurika watu, na mechi ikaishia hapo. Nilikuwa nimekaa katikati ya kilio na shangwe, nikihesabu kwenye karatasi shingo za Xhaka.

Tulipotoka mwanangu aliniuliza swali moja tu: "Mama, huyo Alonso alikuwa namba ngapi?" Nikamwambia amuulize Kocha. Kocha akamjibu: "Sita. Kama wewe. Njoo Jumamosi."

Alichukua Jumamosi nne kumsimulia Xabi Alonso, na ningetoa elfu tatu badala ya mia tatu bila kulalamika.

Jumamosi ya kwanza alizungumzia nyumbani. Alonso alizaliwa Tolosa, 25 Novemba 1981, mtoto wa Periko Alonso, ambaye naye alikuwa kiungo na alichukua ubingwa wa Hispania mara mbili na Real Sociedad, 1981 na 1982, kisha mara moja na Barcelona, 1985. Baba alipostaafu akawa kocha. Mtoto huyo akiwa Real Sociedad hakupewa nafasi mara moja. Mwaka 2000 alipelekwa kwa mkopo Eibar, mji mdogo wa viwanda, timu ya ligi ya pili. Kocha alisimamisha picha hapo, akawatazama watoto mmoja mmoja, akauliza nani kati yao angekubali kwenda kucheza timu ndogo bila kununa. Mikono miwili. Alonso aliporudi Sociedad, timu ikiwa mkiani, kocha John Toshack akampa yule kijana kitambaa cha unahodha. Msimu wa 2002/03 Sociedad hiyo hiyo ikamaliza ya pili nyuma ya Real Madrid.

Ya pili ilikuwa ya Liverpool, na ndiyo watoto waliipenda zaidi. Istanbul, 25 Mei 2005, AC Milan wanaongoza 3-0 mpaka mapumziko, Liverpool wanarudisha mawili, inapatikana penalti, Alonso anapiga, golikipa Dida anaitema, Alonso anauwahi mpira na kuupachika kwa kushoto. Tatu kwa tatu, kisha kombe kwa penalti. Halafu bao la Januari 2006 dhidi ya Luton kwenye Kombe la FA, alilolipiga kutoka nusu yake ya uwanja golikipa akiwa ameacha lango. Watoto waliomba lirudiwe mara nane, Kocha akalirudia mara nane.

Lakini alichokazia siku hiyo kilikuwa kingine. Alisema Alonso akiwa Liverpool alishangaa kuona vijana wa akademi wakiulizwa sifa zao wanajibu kwamba ni wazuri wa kuteleza chini kumpora mtu mpira. Kwa Alonso hiyo ni njia ya mwisho, unaitumia ukishakosea pa kusimama. Kocha akachora ubaoni uwanja wa Katonga, akaweka kokoto, akawasimamisha watoto wenyewe katikati ya banda kati ya mabenchi, huku yeye akitembea kwa lile goti lake bovu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, akiwashika mabega na kuwageuza nusu hatua. "Hapa. Sasa unamwona wa mbele na wa nyuma. Ulikuwa hapa, ukimwona mmoja." Nusu hatua tu. Nilikaa saa nzima naona watoto wanasogezwa nusu hatua na nusu hatua, na sikuchoka.

Ya tatu, Real Madrid, Bayern na timu ya taifa, aliipitisha haraka kwa sababu umeme ulikuwa wa kubabaisha. Mechi 114 za Hispania, Kombe la Dunia 2010, Ulaya 2008 na 2012. Alituonyesha fainali ya Johannesburg, Nigel de Jong wa Uholanzi akimpiga teke la kifua, na mwamuzi akatoa njano tu. Alonso aliinuka akacheza mpaka dakika ya 87. Na akaandika ubaoni majina ya makocha waliomfundisha: Toshack, Benítez, Aragonés, Del Bosque, Mourinho, Ancelotti, Guardiola. Akasema mtu huyu alikuwa anasoma miaka yote hiyo ndani ya jezi.

Ya nne ndiyo iliyonibakia. Alonso alistaafu 2017. Bingwa wa dunia, bingwa wa Ulaya, jina lake lingemfungulia mlango wowote. Alikwenda kufundisha watoto wa chini ya miaka 14 Real Madrid. "Umri wenu," Kocha alisema, kisha akanyamaza kidogo. Halafu Alonso akarudi nyumbani kwao, akachukua timu B ya Real Sociedad, akakaa nayo miaka mitatu, 2019 hadi 2022. Akaipandisha ligi ya pili 2021, mwaka uliofuata ikashuka tena naye akiwa kocha. Oktoba 2022 Leverkusen wakamwita wakiwa nafasi ya 17 kati ya timu 18. Msimu ule akamaliza wa sita. Msimu uliofuata ndio ule tuliouona kwenye televisheni ya kona: mechi 34 za ligi, ushindi 28, sare 6, hakufungwa. Na katikati ya msimu huo, Liverpool na Bayern wote wakimtajataja, alisema anabaki, kwa sababu bado ana ya kujifunza pale alipo. Mwaka 2025 ndipo akarudi Real Madrid kama kocha wa timu kubwa.

Mtoto mmoja, si wangu, akauliza kama kufundisha watoto ni adhabu. Kocha alikaa kwenye benchi, jambo ambalo halifanyi darasani. Alisema alipokuwa amefunga dirisha lake miaka ile miwili alidhani hivyo. Hakuongeza kitu, akawasha flashi.

Niseme la mwanangu, maana kwangu ndilo kipimo cha huduma hii. Kuna mtu anayefundisha mpira watoto mahali pengine hapa mjini aliyemweka benchi muda mrefu akisema ni mzito kama dumu la mawese. Kulikuwa na wenzake wanaojua mama yake anauza nini. Mtoto alikuja nyumbani akaniambia anaacha mpira, na hakutaka kunipokea madumu siku ile. Nilikwenda kwa Kocha peke yangu nikiwa nimefura. Kocha hakumsema yule mtu vibaya. Alimpa mwanangu kipande cha dakika kumi cha Alonso akiwa Bayern, akamwambia ahesabu ni mara ngapi amekimbia mbio za kumaliza. Mwanangu alihesabu, akapata mbili. Akarudia kuhesabu kwa kutoamini, akapata mbili. Sasa anacheza kwenye kikosi cha Kocha, hajawa na mbio, na pasi zake zinafika.

Usiku mmoja tu niliwahi kuona banda lile limekaa kimya kabisa: 22 Mei 2024, fainali ya Ligi ya Europa Dublin, Leverkusen wakiwa wamecheza mechi 51 za mashindano yote bila kufungwa, na Ademola Lookman wa Atalanta akawafunga matatu peke yake. Watoto walitaka kuondoka. Kocha aliwaomba wabaki waone makocha wakipeana mikono na walioshindwa wakivalishwa medali. Ilikuwa imeshapita saa sita usiku tulipotoka. Alimtuma kijana wake atusindikize hadi kwenye bajaji, na kijana akaandika namba ya bajaji ile kwenye kiganja kabla hajaturuhusu kuondoka. Siku tatu baadaye Leverkusen wakachukua Kombe la Ujerumani kwa bao la Xhaka.

Sasa kasoro, na zipo.

Joto. Kati ya saa saba na saa kumi mchana lile bati linachoma, na mwenye shinikizo la damu asijaribu. Masika mvua ikishuka husikii mtangazaji hata kidogo, ingawa Kocha hutangaza yeye mwenyewe na wengi tunaona ni afadhali. Jenereta liko upande wa ziwa, upepo ukigeuka moshi wote unaingia ndani. Akiishiwa petroli katikati ya mechi hurudisha nusu ya kiingilio, hilo nampa haki yake, lakini lisingekuwa linatokea kama angeweka dumu la akiba.

Choo ni kimoja. Ni kisafi, dada wa muhogo anakisimamia, ila komeo la ndani limevunjika tangu Ramadhani ya mwaka jana. Mwanamke akiingia lazima mwingine amshikie mlango. Banda linalotuheshimu kwa kila kitu haliwezi kutuacha hivyo.

Na darasa lina upendeleo. Kocha alikuwa kiungo na moyo wake uko hapo. Mabeki wanapata makombo, na golikipa mdogo wa kundi lile alikuwa anasinzia mpaka akaomba mwenyewe. Jumamosi iliyofuata Kocha alimzungumzia Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, aliyekuwa langoni Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kule Cairo mwaka 2003, na ambaye naye ameingia kwenye ukocha. Lilikuwa darasa zuri sana, lingekuja bila kuombwa. Wasichana pia. Mwanzo hawakuwapo, nikamuuliza kwa nini, akasema hakuna aliyewakataza. Nikamwambia hakuna aliyewaita. Jumamosi ya pili yake walikuwapo wanne, wawili kati yao nimewaleta mimi kutoka sokoni. Mkono wa msichana bado unachelewa kuonwa pale, Kocha, na nakwambia kwa sababu najua utarekebisha.

Ukienda mara ya kwanza, fika nusu saa kabla, useme umekuja na mtoto, upewe benchi la mlangoni. Beba kanga ya kukalia. Benchi la tatu kutoka mbele usilikalie, lina msumari uliochomoza upande wa kulia, umeshachana kitenge changu na suruali za watu wawili.

Kocha, najua utasomewa haya na vijana wako. Msumari ule ni kazi ya nyundo moja. Komeo la choo nimeshalinunua, lipo mezani kwangu sokoni nyuma ya madumu, pamoja na skrubu zake nne. Mtume mtu alichukue kabla ya Jumamosi.